Mla-Rangi na Sura Zangu Arobaini

Ninachotaka kusimulia hapa hakuna atakayekiamini, na sitamlaumu mtu. Hata mimi, kama ningesimuliwa na mtu wa aina yangu, ningemwambia anywe maji akalale. Lakini ni hivi: Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua linawaka nje, nilimwona marehemu kwa macho yangu mawili, na marehemu mwenyewe alikuwa mimi. Na nisiwafiche, nilikuwa nimependeza.

Kabla sijafika huko, mjueni kwanza aliyeniua. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mtaani wanamwita Mla-Rangi, jina nililompa mimi, kama majina mengi mazuri ya mtaa huu. Kazi yake ni kuchukua picha za rangi, hizi za simu na kamera za siku hizi, kuziingiza kwenye kompyuta na kuzila rangi mpaka zibaki nyeusi na nyeupe. Siku aliponieleza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia, "Watu walihangaika miaka na miaka wakitafuta rangi kwenye picha, zimepatikana, wewe unaziondoa?"

Hakucheka. Akaniuliza, "Mjomba, wewe fundi seremala. Mti unakuja na magome yake, mbona unayaondoa?"

Nikamwambia magome hayana rangi, nikaondoka kabla hajaniuliza lingine.

Ndivyo alivyo tangu mdogo. Nikimwambia nilibeba mlango wa mninga peke yangu kutoka sokoni hadi nyumbani, watoto wenzake wanapiga makofi, yeye anauliza, "Mlango ulikuwa na bawaba au bila bawaba?" Ana miaka sita! Mtoto wa hivyo unamwangalia mara mbili. Nilimwambia dada yangu mapema, huyu ama atakuwa hakimu ama atatuletea matatizo.

Hakuwa hakimu. Aliajiriwa kwenye studio moja kubwa, bosi akampa kompyuta yenye ile programu ya kuhariri picha. Pale mtindo ulikuwa mmoja: mteja akitaka nyeusi na nyeupe, unabonyeza mahali pamoja, rangi zinaondoka zote kwa mkupuo, kwisha. Siku moja ikaja picha ya kwaya. Wanakwaya joho jekundu, wamesimama kwenye nyasi mbichi. Ikabonyezwa. Wee! Majoho yakatoka kijivu, nyasi zikatoka kijivu kilekile. Kwaya nzima ikazama majanini, vikabaki vichwa ishirini vinaelea kama maboga shambani.

Mpwa wangu akamwendea bosi. Bosi akasema, "Mteja amelalamika?"

"Bado hajaiona."

"Basi hujasikia malalamiko. Endelea."

Hakuendelea. Wenzake walipoenda kula, yeye akabaki kuifungua upya ile picha ya rangi. Kumbe ndani ya programu kuna mistari, kila rangi na mstari wake, na kila mstari una kitufe cha kuvuta. Ukivuta cha nyekundu kushoto, kila kilichokuwa chekundu kinaingia giza. Ukivuta cha kijani kulia, majani yanang'aa. Picha yenyewe imeshakuwa nyeusi na nyeupe, lakini chini kwa chini inakumbuka kila kitu kilikuwa rangi gani. Akatia majoho giza, akazipa nyasi mwanga, wanakwaya wakainuka kutoka ardhini wakasimama. Bosi akamwambia amepoteza muda wa kazi. Mwisho wa mwezi mpwa wangu akaacha kazi.

Sasa ana chumba chake, katikati ya fundi cherehani na muuza makufuli. Na hicho chumba ndicho kilichoanza kunitia wasiwasi. Amekipaka kijivu. Kuta kijivu, dari kijivu, mlango kwa ndani kijivu. Yeye mwenyewe akiingia kazini anavaa koti la kijivu mpaka magotini. Niambieni, mwenye akili timamu anapaka chumba rangi ya mawingu ya mvua halafu naye anajivika hiyohiyo? Ukiingia ghafla unaona uso na mikono miwili tu. Eti rangi za ukutani hudanganya jicho la anayetazama kioo cha kompyuta. Nami nina shati langu la sherehe la maua, lina nyekundu, kijani, manjano, bluu, zambarau, na rangi nyingine ambayo mpaka leo hakuna aliyeipa jina. Nikisimama nyuma yake nalo anapiga kelele, "Mjomba, toka hapo! Shati lako linanipakia kioo!"

Mimi natengeneza fremu zake kwenye ua wa nyuma. Kwa hiyo namwona kila siku, na nawaona wateja wake. Wengi wanakuja kwa jambo moja. Mtu amefiwa, anataka picha ya marehemu igeuzwe nyeusi na nyeupe iwekwe kwenye tangazo au itundikwe sebuleni. Kwa nini mtu akishakufa lazima anyang'anywe na rangi, sijui, lakini ndivyo wanavyotaka. Mtaa umeshaligundua hilo. Fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hajawahi kukubali kupigwa picha naye. Anasema, "Sisi tunasalimiana tu."

Mwaka huu tulimzika rafiki yangu Dereva. Alikuwa dereva wa basi mpaka akastaafu, na kwa miaka thelathini tulishindana kutia chumvi, mimi nikiongoza. Alianza na kikohozi. Kikohozi kidogo tu, cha kusafisha koo. Miezi minne, basi.

Wiki tatu baada ya mazishi, nami nikaanza kukohoa.

Sikuogopa, mimi si mtu wa kuogopa. Lakini dada yangu alinisukuma hospitali, wakanipiga picha ya kifua, na hiyo nayo, angalieni, nyeusi na nyeupe! Majibu alikwenda kuyachukua mpwa wangu, kwa kuwa mimi siku hiyo nilikuwa na fremu za kumaliza. Akarudi na bahasha imefungwa, akanipa, akasema, "Wameniambia ni vumbi la mbao tu, mjomba. Ukikata mbao funika pua. Mengine yote yamo humo, soma."

Alisema haraka haraka, macho yako kwenye kompyuta. Vumbi! Daktari asome miaka saba aje kuona vumbi? Machale yakanicheza. Bahasha nikaiweka mahali pazuri.

Basi ikafika Jumanne yenyewe. Nimeingia chumbani kumwonyesha kona za fremu moja, hayupo, yuko uani na simu sikioni. Nikakipiga jicho kioo cha kompyuta.

Nilikuwa mimi. Kichwa na kifua, kijivu tupu. Na si mara moja. Nilikuwa nimepangwa safu kwa safu, sura arobaini, nyingine imeingia giza, nyingine imepauka, nyingine imekaa vizuri kabisa na mashavu yenye heshima. Hapo nilielewa. Alikuwa anachagua ile itakayofaa.

Na kutoka uani nikamsikia, maneno yake haya hapa, sikuongeza hata nukta: "Mama, mjomba usimwambie kwanza. Unamjua alivyo. Wiki hii namaliza, nitamwambia mwenyewe."

Nikatoka na fremu yangu kimyakimya kama mwizi wa kuku.

Mwingine angelia palepale. Mimi nilianza uchunguzi. Kwanza kwa dada yangu. Nikamkuta jikoni, nikamkazia macho, nikasema, "Dada, kuna jambo unanificha?"

Akasema, "Umekula?"

Akanipakulia, na akaniongezea nyama mara mbili. Dada huyu! Tangu tukiwa watoto huwa ananihesabia vipande. Nilikula, maana nyama haina kosa, lakini kila kipande kilishuka na ujumbe wake.

Kutoka hapo nikaenda kwa fundi cherehani. Nikazunguka kidogo, nikauliza habari za cherehani, halafu nikachomekea, "Hivi, kuna mtu wa kwetu ameleta kitambaa cheusi hizi siku mbili tatu?"

"Cha kwenu kilichopo hapa ni suruali yako ya kaki," akasema bila kuinua kichwa. "Imekaa tangu mwaka jana. Unaumwa nini?"

"Nani kasema naumwa?"

"Kama unakufa, ichukue kwanza. Mimi suruali ya marehemu nitampa nani, na kiuno hicho?"

Akacheka. Nikamtazama anavyocheka. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyejua lolote, au cha mtu aliyeambiwa acheke hivyo.

Jumatano nikamwendea mshukiwa mwenyewe. Nikaketi kwenye kigoda chake cha wateja, nikakohoa mara moja kwa utaratibu, nikasema, "Mpwa wangu, kama mtu amebakiza siku chache, wewe ukajua na yeye hajui, ungemwambia?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama atanyamaza nimalize kazi."

Akaendelea kuvuta vitufe vyake. Kioo alikigeuza kidogo, nisione. Halafu, bila kunitazama, akaniagiza: "Mjomba, nahitaji fremu. Kubwa, nyeusi, ya kutundika sebuleni. Iwe tayari Ijumaa."

"Ya nani?"

"Wewe tengeneza tu, mjomba. Ila iwe nzuri."

Jamani! Nimeambiwa nitengeneze ya kwangu mwenyewe!

Mnajua nilifanya nini? Nilitengeneza. Nikasema, kama ni yangu isiwe ya ovyo. Nikatoa ule mninga niliouficha miaka mitano kwa ajili ya mteja wa maana ambaye hakutokea. Nikapiga randa mpaka ukawa unateleza kama sabuni. Kona nikaziunganisha bila msumari, ulimi kwa ulimi, ukipitisha kucha haishiki popote. Nikapaka rangi nyeusi, nikaisugua, nikapaka tena. Alhamisi mchana, hakuna mtu uani, nikaiinua nikaingiza kichwa ndani nione inavyokaa. Ilikaa. Ndipo nikakohoa, na kwa mara ya kwanza nikakisikiliza kile kikohozi kama kikohozi cha Dereva, nikaketi chini kwenye takataka za mbao mpaka adhuhuri ikapita. Nilikuwa nimechoka na kazi. Fremu ya mninga si mchezo.

Ijumaa nikavaa shati langu la sherehe. Nikasema kama ni kupokea habari, nizipokee nimevaa. Nikaingia na fremu kwapani, nikamkuta mpwa wangu na koti lake, na juu ya kigoda ameketi Mwalimu. Mwalimu ni mjane wa Dereva, mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma, mimi nikiwa ile nusu nyingine. Nikajua sasa wameniletea na mtu wa kunituliza, aliyepitia.

Nikaweka fremu mezani, nikasema, "Nimejua yote. Msijisumbue kunizungusha. Niambieni siku tu."

Mwalimu akamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akanitazama mimi.

"Siku ya nini, mjomba?"

"Nimeziona sura zangu kwenye kompyuta. Arobaini."

"Kumi na moja."

"Nimeona! Na nimekusikia ukiongea na mama yako. Mimi nakufa, na nyie mnanichagulia mashavu!"

Nilisikia cherehani ya jirani imesimama, yule mbea ameweka sikio ukutani. Mpwa wangu akavua miwani polepole.

"Mjomba, ile bahasha ya hospitali uliisoma?"

"Niliiweka mahali pazuri."

"Wapi?"

Nikatazama dari. Kijivu.

"Mjomba. Wapi?"

"Meza yangu ya kazi ilikuwa inayumba," nikasema. "Mguu mmoja mfupi."

Akatoka hadi uani. Tukasikia meza inalalia upande, kopo la gundi linaanguka, halafu akarudi na bahasha imekunjwa mara nne, ina alama ya mguu wa meza katikati. Akaichana palepale mbele ya Mwalimu, akasoma kwa sauti. Mapafu safi. Hakuna uvimbe. Koo limekereketwa na vumbi la mbao. Avae kitambaa puani anapokata, arudi baada ya miezi mitatu.

Akasita. "Hapa kwenye umri wameandika hamsini na mbili."

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Mama amekupita miaka mitatu, na mama ana sitini na nane."

Hapo nami nikapata pa kushika. "Unaona? Karatasi yenyewe umri ni wa uongo. Na hayo mapafu safi nitayaaminije?"

Mwalimu akajifunika mdomo kwa ushungi, mabega yakawa yanatikisika. Mpwa wangu akanivuta mkono, akanikalisha mbele ya kompyuta, shati langu na rangi zake zote, hakujali kioo. "Tazama," akasema. Akafungua picha nzima.

Ilikuwa ile sherehe ya ukumbini ya mwaka jana, mpwa wangu alipiga kwa simu yake. Taa za jukwaani zilikuwa za zambarau, zinamwaga zambarau kila mahali, meza, ukuta, watu. Mimi niko kushoto. Kulia kwangu yuko Dereva. Lakini Dereva gani! Taa ilimpiga usoni moja kwa moja, uso wote ulikuwa doa la zambarau, kama mtu aliyemwagiwa wino.

"Ndiyo picha yake ya mwisho, na ndiyo pekee anayocheka," Mwalimu akasema. "Kwenye nyingine zote amekaa kama anasubiri kuitwa na polisi."

Mpwa wangu akanieleza. Amepambana nayo wiki mbili. Ukiondoa rangi kwa mkupuo, uso unabaki doa, ila doa la kijivu. Alihitaji kitu ndani ya picha hiyohiyo ambacho anajua rangi yake ya kweli, ili aone taa imekiharibu vipi, ndipo ajue avute kitufe kipi na kwa kiasi gani. "Sasa kwenye ukumbi mzima," akasema, "ni kitu gani nakijua rangi zake zote bila kukosea? Shati lako, mjomba. Nimekaa nalo nyuma ya mgongo miaka minane."

Kwa hiyo alinikata mimi pembeni, akafanya majaribio kwenye shati langu. Mara kumi na moja. Shati lilipokaa sawa, kila rangi na kijivu chake, akachukua vipimo vilevile akavipeleka kwenye uso wa Dereva.

"Na kwa nini nisiambiwe?"

Akavaa tena miwani. "Mazishini uliondoka kabla ya kumaliza, mjomba. Na tangu siku ile hujalitaja jina lake. Nilitaka kwanza nimpate, ndipo nikuite."

Akabonyeza.

Nawaambia nilichokiona. Lile doa likafunguka. Likatoka jicho moja limefinywa na kicheko, likatoka la pili. Likatoka pengo la jino la mbele, kovu la kidevuni alilosema alilipata kwa kupigana na majambazi sita na ambalo Mwalimu anajua ni ngazi ya jikoni. Nyusi, unywele kwa unywele. Mdomo wazi mpaka mwisho. Na mimi nilijua anacheka nini. Sekunde ile nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba ni mimi niliyemfundisha kuendesha basi.

Picha ya Mwalimu ilitakiwa iwe ya mtu mmoja, kwa hiyo mimi nilikatwa. Nimetengeneza fremu ya mninga, sura yangu imetumika mara kumi na moja, halafu nakatwa! Kilichobaki changu ni mkono wa shati pembeni, umemshika Dereva begani, maua yake yote kijivu.

"Huo naweza kuufuta," mpwa wangu akamwambia Mwalimu. "Dakika tano."

Mwalimu akausogelea kioo, akautazama ule mkono. "Uache," akasema. "Nikiulizwa mume wangu alikuwa anacheka nini, nitauonyesha huo."

Picha ikatoka, tukaitia kwenye fremu, ikaingia bila kusukumwa. Mwalimu akaibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Haya yote nayaandika hapahapa chumbani kwa Mla-Rangi, juu ya kigoda, nikisubiri gundi ikauke, na yeye yuko nyuma yangu anajifanya anatafuta waya. Sijamaliza kumshuku. Miezi mitatu ikifika, bahasha nitaichukua mwenyewe na nitaisoma mlangoni. Ila ieleweke, maana fundi cherehani ameanza kusambaza maneno: siku ile, Mwalimu alipotoka na picha, mimi nilibaki nimesimama wima, mkavu, chozi hata moja halikunitoka, na kama jicho lilikuwa jekundu ni kwa sababu ya vumbi, asubuhi ile nilikuwa nimepasua magogo kumi na mawili ya mninga kwa msumeno wa mkono, peke yangu, na la kumi na tatu ndilo lililo—

"Mjomba, siku ile hukukata hata kijiti. Na kile kitambaa changu cha kufutia kioo nilichokupa ufute uso, bado sijakiona."